Port Victoria na Wageni: Nani Atashika Lango?

Zermatt, kijiji cha Uswisi chini ya mlima Matterhorn, kilikuwa cha wafugaji na wakulima maskini hadi wapanda milima wa Kiingereza walipoanza kumiminika huko katika karne ya 19. Leo watu hutoka pembe zote za dunia kwenda kuteleza kwenye theluji yake. Afrika Mashariki vijiji vya skii hatuna, lakini vijiji vya mlimani vinavyoishi kwa nyayo za wageni tunavyo. Marangu iko kwenye lango la Kilimanjaro. Kilembe iko kwenye mojawapo ya njia za kupanda Rwenzori. Na karibu nasi zaidi, ng'ambo ya mpaka wa Malaba, ukipita Tororo na Mbale, iko Sipi, kwenye ukingo wa Mlima Elgon, yenye maporomoko matatu ya maji, mashamba ya kahawa na nyumba za kulaza wageni.

Port Victoria haiko mlimani. Ni mji wa samaki, makao ya utawala ya Bunyala katika Kaunti ya Busia nchini Kenya, upande ambako Mto Nzoia unamalizia safari yake katika Ziwa Victoria. Lakini kila panapozungumzwa namna ya kuinua Bunyala, utalii hutajwa: hoteli ufuoni, boti za kutembeza wageni visiwani, vyumba vinavyotazama machweo. Je, tuifuate njia ya Sipi? Mjadala huu nimeupanga kwa sauti nne, kutokana na hoja ambazo yeyote aliyekaa ufuoni hapa amezisikia. Mimi nina upande wangu, na sitauficha.

Anaanza dereva wa gari la watalii, kijana wa hapa hapa, ambaye kazi yake ni kuvusha wageni mpakani. Anayemjibu ni shangazi yake, mama anayenunua omena kwa wavuvi, anaianika na kuiuza.

DEREVA. Senje, nawachukua wageni Kisumu, tunafika Busia. Tangu kituo cha pamoja cha mpakani kizinduliwe mwaka 2018, Mkenya na Mganda wako chini ya paa moja, muhuri unagongwa, safari inaendelea. Wengine wana viza ile ya pamoja iliyoanza 2014, dola 100 kwa siku 90, inayofaa Kenya, Uganda na Rwanda. Hawalali Busia. Wakiniuliza huku kuna nini, ninachoweza kuwaonyesha ni foleni ya malori. Wakifika Sipi wanalala, wanakula, wananunua kahawa. Inaniuma kuona pesa ikipita mlangoni kwetu ikienda kulala kwa jirani. Wazee walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Sisi hata kumkaribisha hatujamkaribisha.

MAMA. Na huko Sipi, mwanangu, pesa hiyo inalala kwa nani?

DEREVA. Inalala kwa watu. Njia ya kushuka kwenye maporomoko inakatiza mashamba ya wenyeji. Mgeni akipita shambani kwa mtu, analipa. Kijana anayemwongoza analipwa. Mama anayemwonyesha kahawa inavyokaangwa na kutwangwa kwenye kinu analipwa. Si matajiri, lakini watoto wanaenda shule.

MAMA. Umejibu vizuri kuliko ulivyokusudia. Analipwa kwa sababu shamba ni lake. Sasa niambie, ufuo wa Mulukoba ni shamba la nani? Mimi naanika omena pale, na wanawake wenzangu wengi. Hatuna hati. Tuna mazoea tu. Siku atakapokuja mtu mwenye ramani ya hoteli, mazoea yangu atayaweka wapi? Na mgeni wako aliyelipia chumba cha kutazama ziwa, atavumilia harufu ya omena alfajiri?

Nasimama hapa kidogo, kwa sababu swali la mama huyu ndilo ninaloliona kuwa kiini cha jambo zima. Watetezi wa utalii hupenda kuhesabu vitanda na ajira. Wapinzani huhesabu hasara ya mila na mazingira. Wachache huuliza ardhi iliyo kati ya mgeni na kile anachokuja kukiona iko mikononi mwa nani. Sipi wenyeji wanaambulia kitu kwa sababu kati ya barabara na maji yanayoporomoka kuna mashamba yao. Ukipanda mlima huo huo hatua chache juu zaidi, hadithi inageuka, na anayeisimulia ni mwalimu mstaafu wa historia.

MWALIMU. Kijana, umefika Sipi lakini hujapanda hadi Benet. Juu ya mashamba ya kahawa kulikuwa na watu waliofuga na kuwinda kwenye msitu na mbuga za mlimani tangu zamani. Mwaka 1983 serikali ya Uganda ilitenga eneo la kuwahamishia. Mwaka 1993 msitu ukafanywa hifadhi ya taifa, na wengi wao wakajikuta wamebaki upande usiofaa wa mstari. Walikwenda mahakamani Mbale, na mwaka 2005 hukumu ya maridhiano ikakiri kwamba wao ni wenyeji asilia wa pale. Hata baada ya hapo wamefukuzwa tena. Mlima ni ule ule, watalii ni wale wale. Aliye chini ya mstari anauza kahawa, aliye juu yake anaitwa mvamizi.

DEREVA. Hayo ni ya Uganda, mwalimu.

MWALIMU. Na ya Kenya pia. Upande wetu wa Elgon, Chepkitale, Waogiek waliamka mwaka 2000 wakakuta ardhi yao imetangazwa kuwa hifadhi ya wanyama. Ilichukua hadi Septemba 2022 ndipo mahakama ya mazingira na ardhi ya Bungoma ikaamua kwamba ardhi hiyo ni yao. Miaka 22. Mtoto aliyezaliwa siku ya tangazo alikuwa mtu mzima siku ya hukumu. Kwa hiyo mama akiuliza habari ya hati, usimwone kama mtu anayeogopa maendeleo.

DEREVA. Simwoni hivyo. Lakini tukikaa tukisubiri hati za kila mtu, tutazeeka tukiuza omena kwa debe. Samaki wenyewe wanapungua. Mzee hapa anajua.

Mzee, mvuvi aliyeiacha mitumbwi kwa wanawe, amekaa kimya hadi sasa. Ameitwa, naye anajibu akianzia mbali, kama ilivyo kawaida ya watu wa umri wake huku kwetu.

MZEE. Samaki wanapungua, ndiyo. Lakini nikueleze wamepunguaje. Mbuta hakuwa samaki wa ziwa hili. Aliletwa wakati wa ukoloni, miaka ya 1950, akakaa, akala samaki wadogo wa fulu, na ilipofika miaka ya 1980 akawa ndiye mwenye ziwa. Tukaambiwa ni bahati kubwa, soko liko Ulaya. Na kweli viwanda vilijengwa, na pesa tuliiona, sitadanganya. Minofu ikapanda ndege. Sisi tukabaki na mgongo wazi, kichwa na mifupa, wanawake wakikaanga na kuuza kwa watu wasioweza kununua samaki mzima. Mnavyozungumza habari ya hoteli, mimi nauliza tu: katika samaki huyu mpya, mnofu utakula nani?

DEREVA. Mzee, kila biashara ina mnofu na mifupa. Aliyepeleka mbuta kiwandani alilipwa. Bila kiwanda asingelipwa kitu.

MZEE. Alilipwa bei aliyopangiwa. Hakuipanga yeye.

Kijana ana hoja, na nisingependa izamishwe na hekima ya mzee. Ni kweli kwamba uvuvi wa Port Victoria umefika mahali pagumu. Kenya ina takriban asilimia 6 tu ya Ziwa Victoria; zilizobaki ni za Tanzania na Uganda. Mvuvi wetu akifuata samaki maji ya ndani, haraka anajikuta upande wa Uganda, na kukamatwa kwa watu na kunyang'anywa mashine za boti kumekuwa habari za kila mara. Omena hufungwa kila mwaka kuanzia Aprili hadi mwisho wa Julai ili wazaliane. Kwa miezi hiyo nyumba nyingi hukaa kwa mkopo. Mtu anayesema tutafute riziki ya pili anasema jambo la maana sana.

MAMA. Hapo nakubali. Lakini hebu tuangalie kalenda, mwanangu, maana mimi naishi kwa kalenda. Wageni wako wanakuja lini?

DEREVA. Wengi Julai hadi Septemba. Halafu Desemba na Januari.

MAMA. Na Aprili na Mei?

DEREVA. Hapo ni mvua. Magari tunayapeleka gereji.

MAMA. Basi sikia. Aprili na Mei omena wamefungwa. Aprili na Mei ni mvua za masika, Nzoia inajaa, Budalang'i, huku huku Bunyala, inaangalia tuta la mto kama litashika. Na sasa Aprili na Mei wageni hawapo. Riziki ya pili inayonikimbia miezi ile ile ambayo ya kwanza imenikimbia, hiyo inanisaidia nini?

DEREVA. Julai, senje! Julai omena bado wamefungwa na wageni wamefika.

MAMA. Julai nakupa. Mwezi mmoja.

MZEE. Na mwaka 2020 msiusahau.

Mwaka 2020 unastahili kukumbukwa polepole. Machi, ugonjwa wa korona ulisimamisha safari, na mpaka ukabaki wazi kwa malori ya mizigo peke yake. Kuanzia hapo wageni walikoma Sipi, Marangu na Kilembe, na waongoza wageni wakarudi mashambani. Miezi hiyo hiyo Ziwa Victoria lilikuwa likipanda. Mei 2020 kipimo cha Jinja kilisoma mita 13.42, kikapita rekodi iliyowekwa mwaka 1964 baada ya mvua kubwa za miaka ya kuelekea Uhuru. Huku Bunyala watu walihama nyumba zilizokuwa zimekaa mbali na maji maisha yao yote. Jengo lolote ambalo lingekuwa limewekwa ukingoni kwa ajili ya mgeni wa kutazama machweo, lingekuwa ndani ya maji, na mgeni mwenyewe akiwa amefungiwa kwao.

MWALIMU. Watu wa theluji wamekwisha kuliona hilo. Bolivia kulikuwa na Chacaltaya, uwanja wa skii uliojisifu kuwa wa juu kuliko wote duniani, zaidi ya mita 5,000. Barafu yake ikayeyuka, na mwaka 2009 haikuwapo tena. Nyumba ya wageni ilibaki imesimama kwenye mawe. Na hapa kwetu, Rwenzori: Duke wa Abruzzi, mpanda milima Mwitaliano, alipopanda mwaka 1906 zilihesabiwa barafu 43 kwenye vilele sita. Karne moja baadaye zilikuwa chini ya nusu, kwenye vilele vitatu tu. UNESCO ilisema mwaka 2022 kwamba barafu za Kilimanjaro na Mlima Kenya zinatazamiwa kutoweka ifikapo 2050. Kijiji kilichojenga kila kitu kwa ajili ya kitu kimoja ambacho mgeni anakifuata, kikitoweka kitu hicho, kijiji kinabaki na madeni.

DEREVA. Kilimanjaro bila theluji bado ni mlima, mwalimu. Watu watapanda.

MWALIMU. Watapanda. Lakini Kilembe usiulize habari ya watalii peke yao, uliza habari ya mto. Mei 2013 Mto Nyamwamba ulishuka kutoka Rwenzori ukiwa na mawe makubwa, ukaharibu nyumba na hospitali ya Kilembe. Mei 2020 ukarudia. Hapo ndipo mlima na ziwa vinapokutana. Watu wanauangalia mlima wakitafuta mandhari. Mimi nauangalia nikitafuta mto utakaoshuka.

Nzoia huanzia Elgon na Cherangani. Hupita Webuye, hupita nchi ya miwa ya Mumias, na kila mvua ya juu huleta udongo hadi kwetu. Rangi ya maji ya mto huo baada ya mvua ni rangi ya shamba la mtu wa Bungoma au Trans Nzoia. Matuta ya Budalang'i yamepasuka mara nyingi. Waliokuwapo wakati wa El Niño ya 1997, na mwaka 2003, na 2007, na 2011, wanazo kumbukumbu za kulala shuleni na kanisani. Mimi naamini kwamba mtu yeyote anayepanga utalii wa Port Victoria bila kutaja mlima ule hajaanza kupanga. Usalama wa chumba cha mgeni ziwani unategemea mti uliosimama au uliokatwa juu Elgon, katika kaunti nyingine, chini ya watu ambao hatujawahi kukaa nao meza moja.

Mwalimu ana somo jingine, na hili ni la mji wetu wenyewe.

MWALIMU. Mnajua kwa nini tunaitwa Port, wakati meli kubwa hatuna? Reli ya Uganda ilipoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896, mpango wa kwanza ulikuwa imalizikie huku. Port Victoria ndiyo ingekuwa bandari ya mwisho wa reli. Kisha wapimaji wakapima upya, wakaona Ghuba ya Kavirondo ni karibu zaidi, na Desemba 1901 reli ikaishia Port Florence, ndiyo Kisumu ya leo. Mji mzima ulihamishwa kwa kalamu, na watu wa hapa hawakuulizwa, si wakati wa kupewa wala wakati wa kunyimwa.

DEREVA. Sasa mwalimu unataka tusikubali lolote linalotoka mbali?

MWALIMU. Nataka tuwe na kitu ambacho kalamu ya mbali haiwezi kukihamisha. Zermatt uliyoisikia ikitajwa, unajua wenyewe walifanya nini? Jumuiya ya koo za wenyeji, wale wenye uraia wa kijiji, inamiliki hoteli kadhaa na ina hisa katika kampuni inayopandisha watu mlimani. Mgeni analipa kwenda kuteleza, na fungu la pesa linarudi kwa kijiji kama mmiliki. Hawakungoja kuajiriwa kufua mashuka.

MAMA. Huyo ndiye mwenyeji aliyepona.

DEREVA. Hao ni Waswisi, wana mitaji.

MWALIMU. Walikuwa maskini walipoanza. Na hata wao wanaogopa. Mwaka 2012 Waswisi walipiga kura kwamba katika kila kijiji nyumba za mapumziko, zile zinazokaliwa wiki chache kwa mwaka, zisizidi asilimia 20 ya nyumba zote. Kwa sababu matajiri wa mjini walinunua hadi kijana wa kijiji akakosa pa kuoa na kukaa. Nchi tajiri kama ile ilibidi iweke sheria ili mlima usigeuke mji wa madirisha yaliyofungwa.

Naongeza mfano ninaoupenda, wa binti Mkenya. Sabrina Simader alizaliwa Kilifi akakulia Austria, na mwaka 2018 aliiwakilisha Kenya kwenye skii ya kushuka milima katika Olimpiki ya Majira ya Baridi kule Pyeongchang. Alijifunza kwa sababu kule alikokulia mtoto huvaa skii jinsi mtoto wa Mulukoba anavyoingia majini. Sasa mlinganishe na watoto waliobaki katika pwani aliyozaliwa. Diani na Malindi wenyeji wamelalamika miaka mingi kwamba njia za umma za kufika baharini zimezibwa na kuta za hoteli na nyumba za watu. Kipimo changu cha utalii wa Port Victoria ni hicho: hoteli ikishajengwa, je, mtoto wa hapa ataweza kuteremka na ndoo hadi majini bila kuulizwa na askari wa getini anakwenda wapi? Asipoweza, tumeuza ziwa.

Marangu nayo ina la kutuambia. Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu anatajwa kuwa ndiye aliyemwongoza Hans Meyer kuelekea Kibo mwaka 1889, na kwa miaka mingi vitabu viliandika majina ya Meyer na mwenzake Purtscheller peke yao. Leo Kilimanjaro inapandwa na makumi ya maelfu ya watu kwa mwaka, na kila mmoja ana wapagazi wake. Imebidi kuwekwe kanuni kwamba mzigo wa mpagazi usizidi kilo 20, na kuwe na watu wa kuupima getini, maana bila mizani mgongo wa kijana ungeongezewa mpaka uvunjike. Kazi zipo, tena nyingi. Lakini kazi ambayo mizani yake imeshikwa na mwajiri peke yake haina ukomo.

DEREVA. Haya, nimewasikia wote. Mnajua kukosoa. Sasa niambieni mngefanya nini nyinyi, maana kesho asubuhi mimi nina wageni sita Malaba.

MWALIMU. Wapitishe Kakapel.

DEREVA. Ile michoro ya mwambani?

MWALIMU. Ile ile, iko kaunti hii hii, Teso Kaskazini, vilima vya Chelelemuk, si mbali na Malaba yako. Michoro ya kale, ikiwemo ya ng'ombe, na ni turathi ya taifa. Mwaka 2024 wanasayansi walitangaza kwamba kunde iliyochimbuliwa hapo ina takriban miaka 2,300, ushahidi wa zamani kuliko wote wa mazao ya kilimo uliokwisha kupatikana Afrika Mashariki. Mgeni wako anapita karibu nayo akilalamikia foleni. Aione, ashuke Busia, aje Bunyala aone mpunga na delta ya Nzoia, alale kwa mtu. Si hotelini. Kwa mtu, chumba safi, chandarua, choo kizuri. Asubuhi avushwe kwa boti ya mvuvi hadi kisiwa cha Sumba.

DEREVA. Choo ndicho kitakachotushinda, mwalimu. Nasema kweli. Mgeni anasamehe chakula, hasamehe choo.

MAMA. Choo kinajengwa. Kikundi chetu cha wanawake kimejenga nyumba za watu kwa merigoraundi, choo kitatushinda? Tatizo langu liko palepale. Nyumba moja ikifanikiwa, mwekezaji atakuja na pesa ya kununua tano. Wanaume watauza. Mnajua watauza.

MZEE. Sheria hairuhusu mume auze nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mke.

MAMA. Sheria ipo, mzee wangu. Na kidole gumba cha mke kinashikwa kikapakwa wino, hilo nalo lipo.

Hapa hakuna aliyecheka, na mimi sikutaka kulipita haraka. Katiba ya 2010 inasema asiye raia hawezi kumiliki ardhi Kenya moja kwa moja. Anaweza kuikodi, tena si zaidi ya miaka 99. Miaka 99 ni vizazi vinne. Jirani yetu, kinamasi cha Yala, sehemu yake ilikodishwa kwa kampuni ya Kimarekani, Dominion, miaka ya 2000. Walikuwepo waliopata kazi na mchele, na walikuwepo waliopoteza malisho, matete na njia za maji. Kampuni ilikwisha kuondoka, na ugomvi wa nani atumie ardhi ile ukabaki na wenyeji. Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: Port Victoria ikaribishe wageni, na ianze mapema, lakini ardhi ya ukingoni isiuzwe hata shubiri moja, na mikataba ya kukodi iwe mifupi kiasi kwamba aliyeitia sahihi awe hai siku inapokwisha. Ufuo wa kuanikia samaki uandikishwe kwanza kwa jina la wanaoutumia, wanawake wakiwemo kwa majina yao, ndipo yachorwe mengine. Na kila kitanda cha mgeni kitoe kitu kwa ajili ya mto.

DEREVA. Kwa masharti hayo mwekezaji ataenda Homa Bay. Au Kisumu.

MAMA. Aende.

DEREVA. Senje, ni rahisi kusema aende.

MAMA. Si rahisi. Nina watoto wa shule kama wewe. Lakini reli ilienda Kisumu na sisi bado tupo.

MZEE. Hilo la mto mimi ndilo ninalolitaka. Hizo shilingi za mgeni zisiishie kwenye tuta la Budalang'i. Tuta tunalijenga, linapasuka, tunalijenga. Zipande huko juu. Wale Waogiek wa Chepkitale mwalimu aliowataja, kama wameachiwa msitu wao, wao ndio walinzi wetu. Tuwapelekee samaki, watuletee maji safi.

DEREVA. Bungoma wakikubali, mzee. Ni kaunti nyingine.

MZEE. Mtu wa kaunti nyingine anakataa wageni? Waulizwe. Wewe si una gari?

DEREVA. Ninalo. Ila senje, wewe bado hujanijibu. Ile plot yako iliyo juu kidogo ya ufuo, nikileta mtu wa kujenga vyumba vinne, si hoteli, vyumba vinne, utamkodishia miaka mingapi?

MAMA. Mitano.

DEREVA. Mitano haimrudishii hata pesa ya mabati.

MAMA. Basi kumi. Na vyumba vikikamilisha miaka kumi vinabaki vyangu, na njia ya kwenda majini inapita katikati, pana ya kutosha mwanamke mwenye karai kichwani. Iandikwe kwa Kiswahili, niisome mwenyewe.